Uzi: Bwawa la bustani lililoinuliwa, lenye ukuta wa matofali na sura ya mawe. Usiuvalishe mawe ukuta ambao haujashika maji

Mwanzisha uzi (Kibaha):

Ndugu zangu, salaam. Nimejenga mabwawa mawili ya bustani katika kiwanja kimoja hapa Kibaha. La kwanza nililibomoa kwa mikono yangu baada ya miezi minane, na la pili lina samaki, yungiyungi na maji safi hadi leo. Yote mawili yalikuwa na vipimo vilevile, fundi yuleyule na mawe ya aina ileile. Kilichotofautiana zaidi ni mpangilio wa kazi, pamoja na mambo machache ya ujenzi nitakayoyataja, na ndiyo maana nimeona nifungue uzi huu kwa ajili ya yeyote anayetaka bwawa linaloinuka juu ya ardhi, lenye ukuta wa matofali ya saruji uliovalishwa mawe kwa nje.

Nianze na kosa. Katika bwawa la kwanza tulipandisha matofali, tukapiga lipu ndani, na kesho yake fundi akaanza kubandika mawe nje, kwa sababu gari la mawe lilikuwa limeshafika na mimi nilikuwa na haraka ya kuona sura. Tulijaza maji baada ya wiki mbili. Mwezi wa tatu nikaona unga mweupe kwenye viungo vya mawe ya upande wa kaskazini. Nikausugua kwa brashi, ukarudi. Masika ilipofika, jiwe moja likaanza kutoa sauti ya utupu ukiligonga kwa kidole, na asubuhi moja nikakuta mawe manne yamelala kwenye nyasi huku ukuta nyuma yake umelowa hadi unang'aa. Ule unga ulikuwa chokaa na chumvi za ndani ya saruji: maji yanayopenya ukutani huziyeyusha, huzibeba hadi nje, kisha yenyewe hukauka na kuziacha hapo. Bwawa lilikuwa linavuja tangu siku ya kwanza, na mawe yalikuwa yamenifichia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na yote nitakayoandika hapa yanaizunguka: ukuta uweze kusimama na kushika maji ukiwa mtupu, ndipo uvalishwe. Jiwe halisaidii kubeba maji wala kuyazuia. Ukilitegemea kwa lolote kati ya hayo mawili, litakuangusha.

Tuje kwenye uzito. Bwawa langu lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2 kwa ndani, na maji yanasimama kwa kina cha sentimita 60. Hizo ni lita 3,600, yaani tani 3 na kilo 600 zinazokaa mahali pamoja usiku na mchana. Wengi huufikiria uzito unaokandamiza chini, wakasahau kwamba maji husukuma pembeni pia. Kwa kina hicho, kila mita moja ya urefu wa ukuta husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 180, kwa hiyo ukuta wangu wa mita 3 unabeba takriban kilo 540 zinazotaka kuulaza nje. Ukiongeza kina mara mbili hadi sentimita 120, msukumo hauongezeki mara mbili bali mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta kuanzia kitako chake huwa mara nane. Ndiyo maana ninamshauri yeyote asiyekuwa na mhandisi abaki kwenye sentimita 60. Kwa yungiyungi na samaki wa kawaida kina hicho kinatosha, na ukuta unakuwa na amani.

Msingi. Tuliondoa udongo wa juu wenye mizizi kwa sentimita 25, tukamwaga moramu ya sentimita 15 kwa tabaka mbili, tukaishindilia huku tukiinyunyizia maji, tukatandaza karatasi ya nailoni, kisha tukamwaga jamvi la zege la unene wa sentimita 12 kwa uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Ndani yake tuliweka nondo za milimita 10 kwa nafasi ya sentimita 20 pande zote mbili, zikiwa zimeinuliwa kwa vipande vya zege ili zisilale kwenye nailoni. Naomba hapa msome taratibu: jamvi lilitokeza nje ya mstari wa ukuta kwa sentimita 15 kila upande. Ukingo huo ndio utakaobeba mawe baadaye. Jamvi zima lilikuwa na ukubwa wa mita 3.76 kwa 2.76, likala zege la mita za ujazo moja na robo hivi, na saruji mifuko 8.

Nondo za nguzo zilisimamishwa na kufungwa kabla zege halijamwagwa: nguzo nne za pembeni, na moja katikati ya kila ukuta mrefu, jumla sita. Kila nguzo ina nondo nne za milimita 10 zenye ringi kila sentimita 20. Bwawa la kwanza halikuwa na nguzo za katikati, na nilipolibomoa nilikuta ukuta mrefu umeanza kutuna kwa nje, si kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, bali ukivuta kamba toka kona hadi kona unaona.

Matofali yawe ya inchi 6, tena ya kulaza, ili ukuta upate unene wa sentimita 23. Nunua kwa mfyatuaji anayekubali usimame ukimtazama anavyochanganya. Mimi nilimwomba atoe matofali yasiyozidi 25 kwa mfuko mmoja wa saruji, na nikalipa tofauti bila manung'uniko. Tulipanga mistari minne, tukatumia matofali 90 na ushee, kisha juu yake tukafunga boksi na kumwaga mkanda wa zege wa sentimita 15 unaozunguka ukuta wote na kuunganisha nguzo zote sita. Mkanda huo ni sawa na utepe wa chuma kwenye pipa: ndio unaouzuia ukuta usifunguke juu. Urefu wote kutoka kwenye jamvi ni sentimita 81.

Kuhusu usawa, msitegemee pima maji ya sentimita 60 kwenye ukuta wa mita 3. Tumieni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, kutoka kona moja hadi nyingine. Ukingo ukiinama sentimita 2 tu, maji yenyewe yatauonyesha kwa kila anayepita, kwa sababu upande mmoja utaonekana umejaa na mwingine umepungua.

Nitaendelea na lipu, mabomba na mawe. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Dodoma):

Ahsante kwa maelezo, ndugu. Huku kwetu kiwanja changu kina udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi hadi mkono unaingia kwenye ufa. Je, jamvi la namna hiyo litasalimika? Na je, si rahisi zaidi kutandika ile karatasi nene ya plastiki ya mabwawa ndani ya ukuta na kuachana na habari ya lipu?

Mwanzisha uzi (Kibaha):

Ndugu yangu, udongo wa mbuga ni adui wa kila kitu kigumu kinachokaa juu yake, na bwawa lina ubaya wa ziada: likivuja kidogo tu, huulowesha udongo upande mmoja, upande huo ukavimba, jamvi likainuka, ufa ukaongezeka, na uvujaji ukaongezeka nao. Ikiwa tabaka hilo ni jembamba, lichimbwe lote hadi ufikie udongo mgumu, kisha shimo lijazwe moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka za sentimita 15. Ikiwa linaenda chini mita nyingi, basi hapo swali lako la plastiki lina jibu la ndiyo, kwa sababu plastiki hujipinda pamoja na ukuta pale ambapo lipu ingepasuka.

Hata hivyo, plastiki huzuia maji tu, haiondoi msukumo. Zile kilo 180 kwa kila mita zitapita kwenye plastiki na kuufikia ukuta kama kawaida, kwa hiyo nguzo na mkanda viko palepale. Chini yake tandika blanketi kuukuu au mazulia yaliyochoka ili mchanga usiitoboe, na ukingo wake wa juu uufiche kabisa chini ya mawe ya kufunikia, kwani jua la Dodoma hulikausha hilo plastiki hadi likawa kama ganda la yai.

Sasa niendelee na mabomba, kwa sababu nimegundua kuwa mabwawa mengi hayavuji ukutani bali pale bomba linapopita ukutani. Nina mabomba mawili: la inchi 2 sakafuni la kutolea maji yote, lenye valvu nje, na la inchi 2 kwenye usawa wa sentimita 60 kutoka sakafuni la kutolea ziada. Hilo la pili si la anasa. Mvua ikinyesha milimita 100, bwawa linapanda sentimita 10 papo hapo, na mvua kama hizo zikifuatana bila njia ya kutokea, maji yatapita juu ya ukingo na kushuka nyuma ya mawe.

Bomba la plastiki na saruji havishikani. Saruji hukauka kulizunguka, ikabaki njia nyembamba kuliko unywele, na maji hupita hapo maisha yote. Fundi mmoja mzee wa mabomba alinifundisha dawa yake, nami sijaona bora zaidi. Sehemu ya bomba itakayokuwa ndani ya zege unaisugua kwa msasa mkali hadi mng'ao wake uishe, unaipaka gundi ya bomba pande zote, na kabla gundi haijakauka unaiviringisha kwenye mchanga mkavu wenye chembe kubwa. Ikikauka, bomba linakuwa na ngozi kama ya papa. Zege linaing'ata ngozi hiyo na haliachii. Na bomba liwekwe kabla zege na lipu havijawekwa. Msikubali fundi atoboe ukuta baadaye kwa nyundo na tindo.

Lipu ya ndani tulipiga kwa mikono miwili kwa uwiano wa 1:3, tukichanganya dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mkono wa kwanza ulikuwa wa milimita 12, ukachanwachanwa kwa msumari, na siku ya pili yake ukafuata mkono wa milimita 8, na juu yake niru ya saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma. Pale ukuta unapokutana na sakafu, na ukuta unapokutana na ukuta, tuliondoa kona ya mraba na kuweka kona ya mviringo kwa kuburuta chupa ya soda juu ya lipu mbichi. Kona ya mraba ndipo ufa unapoanzia, maana hapo sakafu na ukuta huvutana. Kisha magunia yaliyoloweshwa yakatundikwa ndani kwa siku saba, na mimi mwenyewe niliamka alfajiri kuyamwagilia.

Mchangiaji (Morogoro):

Shikamoo kaka, na hongera kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana mwaka na nusu. Bwawa nalipenda, lakini nina hofu mbili: mtoto na mbu. Mume wangu anasema bwawa likiinuliwa mtoto hafiki, nami sijaridhika.

Mwanzisha uzi (Kibaha):

Marahaba, dada. Hofu yako ni ya haki na usikubali ipuuzwe. Ukuta wa sentimita 81 humzuia mtoto anayetambaa, lakini anayetembea atasogeza kigoda, ndoo au baiskeli yake akapanda, na mawe yenye sura ya kutokeza humpa mahali pa kukanyagia. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina kidogo sana, tena bila kelele. Kwangu tulifunga wavu wa nondo za milimita 8 zilizochomelewa kwa matundu ya sentimita 10, ukalala sentimita 5 chini ya uso wa maji, umekaa juu ya vituo vya zege vilivyoachwa kwenye kuta, na umepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu isiyodhuru samaki. Yungiyungi hupenya na kuufunika, huuoni tena. Mtoto akianguka atalowa, lakini atakaa juu ya wavu. Hata hivyo mtoto wa umri huo asiachwe peke yake karibu na maji, wavu uwepo au usiwepo. Na ukuta wa upande wanaochezea watoto uvalishwe mawe bapa yasiyotokeza.

Kuhusu mbu, bwawa lisilo na samaki ni shamba la mbu, nami silitetei. Katika joto letu, yai la mbu huweza kufika kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi wiki mbili, na mbu wa malaria anapenda maji safi yaliyotulia. Lakini samaki hula viluwiluwi vya mbu kwa uchu. Weka perege wadogo 15 hivi kwa lita 3,600, usizidishe, kwa sababu huzaana upesi na baada ya miezi michache utakuwa na umati unaogombania hewa. Mkivua wakubwa mara kwa mara, mambo yanakaa sawa. Zaidi ya hapo, angalieni ndoo, matairi na sahani za vyungu vya maua, kwa maana mbu wa homa ya dengu hupenda vyombo vidogo kama hivyo. Dar es Salaam tulipigwa na dengu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na watu wengi waliogua hawakuwa na bwawa lolote nyumbani.

Samaki wasiingizwe mapema. Saruji mpya huyafanya maji kuwa makali, kipimo cha pehachi kikapanda kupita kiasi anachoweza kustahimili samaki yeyote. Jaza maji, yaache wiki moja, yamwage, sugua kuta kwa brashi, rudia. Mimi nilirudia mara tatu, nikapima kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi hadi kipimo kikatulia kati ya 7 na 8.5. Maji ya bomba yenye klorini nayo yaachwe wazi siku mbili kabla ya samaki kuwekwa.

Mchangiaji (Kilwa Masoko):

Naongeza neno moja, kwa kuwa naishi jirani na mfano wake. Husuni Kubwa, jumba la masultani wa Kilwa lililojengwa karne ya 14, lina bwawa la pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Wageni wengi hupiga picha umbo lake. Mimi huwaonyesha lipu. Wajenzi wale walijua kwamba jiwe la matumbawe linanyonya maji kama sifongo, kwa hiyo kazi ya kuzuia maji waliikabidhi lipu, jiwe likabaki na kazi ya kusimama. Nimefurahi kuona ndugu wa Kibaha amefikia hukumu ileile akiwa na saruji.

Mwanzisha uzi (Kibaha):

Ahsante sana, ndugu wa Kilwa. Nimewahi kusimama kwenye ukingo wa bwawa hilo na sikuwahi kulitazama kwa jicho hilo.

Nimalizie mawe, lakini kabla ya mawe kuna jaribio la maji, na hapa ndipo ninapowaomba msiruke hatua. Lipu ikishatimiza siku saba za kumwagiliwa, jaza bwawa kwa siku tatu, theluthi moja kila siku, ili ukuta uzoee mzigo. Likijaa, weka alama ya penseli kwenye uso wa maji. Kisha chukua ndoo, ijaze maji hadi usawa ulio sawa na wa bwawa, isimamishe ndani ya bwawa juu ya matofali, na uweke alama ndani ya ndoo pia. Baada ya saa 24 pima zote mbili. Ndoo haivuji, kwa hiyo kilichopungua ndani yake kimechukuliwa na jua na upepo peke yake. Bwawa likipungua kwa kiasi hichohicho, halivuji. Kwangu ndoo ilishuka milimita 5 na bwawa milimita 5. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, una kazi ya kutafuta. Bila ndoo utabishana na fundi wiki nzima, yeye akisema ni jua na wewe ukisema ni ufa, na hakuna atakayemshinda mwenzake.

Liache bwawa limejaa kwa siku 14 huku ukuta wa nje ukiwa mtupu, na uuzunguke kila asubuhi kabla jua halijaupiga. Doa la unyevu lenye ukubwa wa sarafu linaonekana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa nne limeshakauka. Mimi niliona doa moja, chini ya nguzo ya kona. Tulimwaga maji, tukachimbua lipu ya hapo kwa upana wa kiganja, tukakuta kokoto iliyoachwa bila saruji, tukaziba upya na kuanza kuhesabu siku 14 tangu mwanzo. Fundi alinuna. Nilimlipa siku zake.

Sasa jiwe. Nilitumia mawe bapa ambayo soko la Dar es Salaam huyaita mawe ya Tanga, ya unene wa sentimita 4 hadi 5. Mita moja ya mraba ya jiwe la unene huo ina uzito wa kilo 120 hivi, na kuta zangu kwa nje zina karibu mita za mraba 9 na nusu, kwa hiyo ni tani moja na zaidi ya mawe. Tani hiyo ikining'inia kwa nguvu ya saruji peke yake, ipo siku itashuka, kama ilivyoshuka kwangu. Mstari wa kwanza ukae juu ya ule ukingo wa jamvi uliotokeza, na kila mstari ukae juu ya mwenzake, ili uzito uteremke hadi kwenye zege. Saruji ya nyuma inabaki na kazi ya kulizuia jiwe lisianguke mbele tu.

Ili kusaidia hapo, tulipokuwa tunapanga matofali tuliacha vipande vya waya mzito wa mabati vikitokeza nje kwenye viungo, kila baada ya mistari miwili na kila baada ya sentimita 60. Vipande hivyo vilikunjwa ndani ya viungo vya mawe. Ukisahau kuviacha wakati wa kupanga matofali huwezi kuvirudisha vizuri baadaye.

Kila jiwe lisuguliwe kwa brashi ya waya na maji, kwa kuwa vumbi la machimbo ni kama unga wa kuzuia chapati isigande. Jiwe na ukuta viwe na unyevunyevu lakini visitiririshe maji. Mchanga uwe wa mto au wa shimo, uliochekechwa. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi hiyo itatokeza nje kama ule unga mweupe hata kama bwawa halivuji. Nyuma ya jiwe pasiwe na uwazi, jaza rojo hadi lipenye juu, na siku moja msipande zaidi ya mistari miwili au mitatu. Kwenye mstari wa chini acheni kiungo kimoja wazi kila mita, ili mvua itakayoingia nyuma ya mawe ipate pa kutokea.

Mawe ya kufunikia juu yatokeze sentimita 3 nje, na chini ya ukingo huo pakatwe mfereji mwembamba kwa grainda. Tone la maji likifika kwenye mfereji linadondoka, halirudi kutambaa ukutani. Kazi yake ni ya nusu siku, na ndiyo inayoufanya ukuta wangu usiwe na michirizi myeusi baada ya masika mbili.

Kuhusu mimea nina ombi moja kwa wote: msiweke gugumaji, hata kama ua lake la zambarau linapendeza na mtu anakupa bure. Tunajua lilivyolitesa Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na bwawa lenye bomba la ziada linaweza kulipeleka kwenye mfereji na mto ulio karibu. Yungiyungi wa kienyeji anatosha, kwenye ndoo yenye udongo wa mfinyanzi na kokoto juu.

Mchangiaji (Mombasa):

Assalaam alaykum. Mimi nimejenga kwa mawe ya matumbawe ya kukata, yale ya huku kwetu, nikapiga lipu ndani, na mawe ya Mazeras ya kuvalisha nje nimeshayanunua. Nimesoma uzi huu juzi usiku, jana asubuhi nikaanza jaribio la ndoo, na leo asubuhi nimepima. Ndoo imeshuka milimita 6. Bwawa limeshuka sentimita 4. Fundi anasema nikishabandika Mazeras na kujaza viungo litakauka lenyewe. Nifanye nini?

Mwanzisha uzi (Kibaha):

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Mawe yasiguswe kabisa. Bwawa litapoteza maji yaleyale baada ya kuvalishwa, tofauti ni kwamba hutaona yanapopitia. Acha kuongeza maji, liache lishuke lenyewe, na kila asubuhi weka alama. Litashuka upesi hadi usawa fulani, kisha kasi itapungua hadi ilingane na ya ndoo. Tundu liko kwenye usawa huo au juu yake kidogo sana. Zunguka kuta zote kwa usawa huo kwa tochi, ukianza na mabomba. Likishuka hadi sakafuni bila kupunguza mwendo, angalia kona ya sakafu na bomba la chini. Ukidhani umepaona, dondosha rangi ya chakula iliyochanganywa na maji hapo karibu, polepole kwa sirinji bila kuyatikisa maji, uone kama inavutwa kuelekea ukutani.

Mchangiaji (Mombasa):

Naleta majibu, ndugu, baada ya wiki kadhaa. Maji yalishuka hadi sentimita 41 kutoka sakafuni, yakasimama. Usawa huo upo bomba nililoliweka la kupeleka maji kwenye chujio, ambalo fundi alilitoboa baada ya lipu. Nilidondosha rangi nyekundu, ikavutwa kama uzi na kuingia pembeni mwa bomba. Tumelitoa, tukapanua tundu, tukaweka bomba jipya lililosuguliwa msasa na kuviringishwa kwenye mchanga, tukazungushia zege la kokoto ndogo na lipu juu yake, tukalimwagilia siku saba. Jana bwawa lilijaa, na leo ndoo imeshuka milimita 6, bwawa milimita 6. Mawe ya Mazeras bado yamepangwa chini ya mwembe. Leo ni siku ya kwanza kati ya zile 14.